Mwanya wa Ratiba

Kwa mkazi wa pwani, ng'ambo ni upande wa pili wa maji, mahali ambapo mtu hafiki pasipo chombo, upepo na nauli. Kwa mkazi wa Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, ng'ambo ni mtaa wa pili. Nakonde, mji wa Zambia unaopakana nao, haukutenganishwa na Tunduma kwa ziwa wala kwa mlima, na watu wa pande hizi mbili huvuka kwa miguu kwenda sokoni, kanisani na msibani, kisha hurejea kabla jua halijatua. Ukaribu huo umezaa jambo la ajabu kidogo, kwamba wapo watu waliokanyaga nchi ya kigeni mara zisizohesabika lakini hawajawahi kusafiri humo, kwa sababu kuvuka kumekuwa kazi na hakujapata kuwa matembezi. Tafakari hii inahusu safari ya namna nyingine: safari fupi ya mke na mume, isiyo ya biashara wala ya msiba, inayofanywa kwa vyombo vya abiria wa kawaida huku mzigo wote ukiwa ndani ya shanta, yaani begi la kubebwa mgongoni ambalo wengi walilijua kwanza kwa askari na maskauti, na ambayo sehemu ya ratiba yake imeachwa wazi kwa makusudi.

Kiswahili kina maneno mawili ya nafasi iliyo kati ya meno, na maneno hayo yanafaa kutangulizwa kwa kuwa hoja yote inayofuata inayategemea. Pengo ni nafasi ya jino lililong'oka, nalo huhesabiwa kuwa kasoro. Mwanya ni nafasi ndogo ya asili kati ya meno mawili ya mbele, nao husifiwa kuwa urembo, na zaidi ya hapo neno hilo hilo hutumika kwa maana ya fursa. Anayetazama kwa mbali huona nafasi tupu katika hali zote mbili, ilhali moja ni dalili ya kitu kilichopotea na nyingine haikupoteza kitu. Safari isiyopangwa ina mapengo, kwa maana kwamba mambo yaliyopaswa kuwapo hayapo na wasafiri hulijua hilo wakiwa wamekwisha kufika dirishani kwa afisa. Safari yenye ratiba legevu ina mwanya, kwa maana kwamba kila kilichopaswa kuwapo kipo, na kilichoachwa wazi kimeachwa wazi na watu waliojua wanachokifanya. Kwa wanandoa ugumu huongezeka, kwa sababu kinachoonekana kuwa mwanya machoni pa mmoja chaweza kuwa pengo machoni pa mwenzake.

Mpaka wenyewe unastahili kutazamwa kwanza. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliupandisha mstari wa mpaka kutoka Ziwa Nyasa kwa kuufuata mto Songwe, kisha ukauelekeza kwenye ukingo wa bonde la mto Kongo, na mwishoni ukaushusha hadi Ziwa Tanganyika kwa kuufuata mto Kalambo. Tunduma iko katika kipande cha katikati, kile kinachofuata mgawanyo wa maji, yaani mgongo wa ardhi unaoamua mvua ielekee wapi baada ya kugusa chini: matone yanayoangukia kusini huelekea mto Chambeshi, na kwa njia ndefu huingia mto Kongo na bahari ya Atlantiki, ilhali yale ya kaskazini huteremka kupitia mto Momba hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Wanyamwanga, wanaoishi pande zote mbili za mgongo huo, hawakuulizwa, na hadi leo lugha yao inasikika wilayani Momba kama inavyosikika Nakonde. Mstari uliochorwa kwa kufuata maji umekuwa mpaka wa pasipoti, lakini haukufanikiwa kuwa mpaka wa ndoa, ukoo wala matanga.

Kilichofuata baada ya mstari huo ni historia ya mizigo. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, njia za Zambia za kuelekea kusini zilitiwa mashakani, na Tunduma ikawa koo ambalo kupitia kwake nchi nzima ililazimika kumeza na kutema. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilijaa malori ya mafuta na shaba, bomba la mafuta la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola likaanza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Hata Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, ambacho kwa utaratibu wake msafiri hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja badala ya kupanga foleni mara mbili, kilikusudiwa kwanza kabisa kuyapunguzia malori siku za kungoja. Watu wawili wasio na bidhaa, wanaopita kando ya foleni hiyo na mabegi yao mgongoni, wanakitumia kituo cha shehena kwa jambo ambalo halikuwa akilini mwa waliokijenga.

Upweke wao una mizizi pia katika desturi ya safari yenyewe. Masimulizi ya kale ya safari yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kama yale ambayo Carl Velten aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1901 kwa jina la *Safari za Wasuaheli*, yanahusu wanaume waliotoka kwa sababu ya pembe, bidhaa au utumishi kwa bwana wa Kizungu, na mke hayumo kwenye msafara. Fungate nayo, ambayo siku hizi hutajwa kana kwamba ni safari, kwa asili ni siku saba za kukaa ndani: bibi na bwana harusi walihudumiwa chumbani, na dunia ndiyo iliyowaendea, wala si wao walioiendea dunia. Katika mazingira hayo, wanandoa wa Vwawa au Mlowo, mkoani Songwe, wanaotangaza kwamba watakwenda Zambia kwa juma moja huulizwa swali moja na kila mzee, nalo ni "Mnakwenda kwa nani?", wala haliulizwi kwa ubaya. Ni swali linalotoka katika ustaarabu unaoamini kwamba mtu husafiri kwenda kwa mtu, na kwamba kwenda mahali tu, bila mwenyeji anayekungoja, ni kujitia unyonge pasipo sababu. Methali isemayo kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani inauona unyonge huo vizuri kuliko kitabu chochote cha mwongozo wa watalii. Kupanga safari ya shanta ni kukubali unyonge huo kwa hiari, na kuukubali wawili.

Basi ni yapi yasiyoweza kuachwa wazi? La kwanza ni hati. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa Tanzania Januari 2018, ada ya pasipoti ya kawaida ikiwa shilingi 150,000 na uhai wake miaka kumi, ambapo kwa wawili ni 300,000 kabla ya nauli ya kwanza kulipwa. Lakini gharama hiyo ikigawanywa kwa miaka kumi ya kuishi mpakani hupungua ukali, na raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Zambia wala Malawi kwa ziara fupi. La pili ni chanjo ya homa ya manjano, ambayo kadi yake wasafiri wa mipaka ya kanda hii huulizwa mara kwa mara: kwa kanuni za afya za kimataifa cheti hicho huanza kuhesabiwa kuwa halali siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Siku kumi hizo hazina mjadala, na anayezikumbuka siku ya kuondoka amekwisha kuchelewa.

La tatu ni siku zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, ndani yake zikiwemo siku za mapumziko ambazo zingekuja hata bila likizo. Mwalimu hufungwa na kalenda ya shule. Na mkulima wa kahawa wa Mbozi huyaona mavuno yake yakiangukia miezi ya kiangazi, ile ile ambayo barabara za vumbi hupitika vizuri. Ndoa inayomuunganisha mwalimu na mkulima, kama zilivyo nyingi katika mkoa huu, huwa na dirisha dogo sana ambamo wote wawili wako huru, na dirisha hilo hupatikana kwa kuweka kalenda mbili mezani na kuzifuta siku moja moja. La nne ni fedha, ambazo hufaa kuwekwa mapema katika kibubu kimoja na kugawanywa mafungu matatu: nauli ya kwenda na kurudi isiyoguswa, matumizi ya kila siku, na akiba ya dharura ambayo mmoja hawezi kuifungua bila mwingine. Methali isemayo kuwa mipango si matumizi hupatia hapa, kwa kuwa bajeti ya safari huharibiwa zaidi na yale ambayo watu wawili hawakuwahi kuambiana, kama vile nani ataletewa zawadi na ya kiasi gani.

Mambo manne hayo yakishakazwa, mengine yote yanaweza kulegezwa, na hapo ndipo swali la mwelekeo huja. Jibu la haraka ni Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi ambayo ramani za Kiingereza huyaita Victoria, kwa kuwa ndiyo picha ambayo kila mtu ameiona. Hesabu, hata hivyo, haiwapendelei wenye juma moja: kutoka Nakonde hadi Lusaka ni takriban kilomita 1,000, na kutoka Lusaka hadi Livingstone, mji wa maporomoko hayo, ni zaidi ya 450 nyingine, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 3,000 za kiti cha basi, na katika siku saba, zisizopungua nne zitaliwa na barabara. Safari ya namna hiyo haiwezi kuwa legevu hata ikitangazwa hivyo, kwa sababu kila basi likikosekana siku moja, jambo zima linavunjika. Mabaharia waliosema usisafirie nyota ya mwenzio walikuwa wakizungumzia usukani na usiku wa baharini, lakini onyo lao linamfaa pia anayechagua mahali pa kwenda kwa sababu wengine walipiga picha hapo.

Ziko nyota za karibu. Kwa wakazi wa wilaya ya Ileje, Malawi inaanzia Isongole, na kutoka Chitipa, ng'ambo ya mpaka, mtu huteremka hadi Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, kwa mwendo wa takriban kilomita 100. Kwa wakazi wa Tunduma, barabara ya kutoka Nakonde kuelekea magharibi hadi Mbala haifiki kilomita 200, na kutoka Mbala hadi Mpulungu, bandari ya Zambia katika Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 40 tu. Mbala ni mji mdogo wa nyanda za juu ambao zamani uliitwa Abercorn, na ndiko Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikosalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya. Makumbusho yake, yaitwayo Moto Moto kwa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, yanaweza kumshika mtu saa moja au siku nzima. Huko Mpulungu msafiri wa Kitanzania hukuta dagaa wakiitwa kapenta na ugali ukiitwa nshima, akatambua kwamba amekwenda mbali kiasi cha kubadili majina ya vyakula bila kubadili vyakula vyenyewe. Njia hii fupi inaruhusu kubaki: anayependezwa na ziwa huongeza siku Mpulungu, na aliyechoka hulala Mbala bila kuharibu kitu.

Reli nayo ina funzo lake, ingawa haifiki Mbala. Treni ya TAZARA hupita Kasama, mji ambao kutoka kwake Mbala hufikika kwa barabara, na kwa msafiri asiye na haraka ni chombo cha kupendeza. Lakini huduma ya abiria imekuwa ikichelewa na mara nyingine kusimama, kwa hiyo haifai kuwekwa kwenye ratiba kama nguzo, bali iwe fursa itakayotumiwa ikipatikana. Zaidi ya hapo, kwa desturi ya mabehewa yake ya kulala, wanaume na wanawake huwekwa vyumba tofauti, isipokuwa wasafiri wamekinunua chumba kizima, ambacho daraja la kwanza huwa na vitanda vinne. Wanandoa hulazimika kuamua kama watalipia vitanda viwili vitupu ili wawe pamoja, au watatengana usiku mmoja, kila mmoja na wageni wake, kisha wakutane asubuhi wakiwa na habari za kusimuliana. Hakuna jibu sahihi katika jambo hilo, ila lipo jibu ambalo wawili wamelikubali na lipo ambalo mmoja amelimeza kimya, na safari nzima inaweza kuharibiwa na hilo la pili.

Mpaka wa Tunduma huwaonyesha wasafiri tofauti zao kabla hawajafika mbali. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja, hivyo saa mbili asubuhi ya Tunduma ni saa moja asubuhi ya Nakonde kwa anayehesabu Kiswahili, ilhali kwa dereva wa Nakonde anayehesabu kuanzia katikati ya usiku dakika hiyo hiyo ni saba. Mke na mume wasioafikiana ni saa ya nani inayofuatwa wanaweza kukosa basi huku kila mmoja akiwa amesema kweli. Fedha nazo zina fumbo kama hilo. Zambia ilianza kutumia kwacha mwaka 1968 na Malawi ikaanzisha ya kwake mwaka 1971, jina likiwa na maana ya kupambazuka, neno ambalo sikio la Mswahili hulitambua kwa kulilinganisha na kumekucha. Lakini kwacha hizo mbili hazina thamani moja, na Zambia iliondoa sifuri tatu katika ya kwake mwaka 2013. Jina moja lenye thamani mbili ni jambo ambalo kila ndoa inalijua. Mmoja akisema mapumziko humaanisha kulala hadi jua lipande, mwenzake akisema neno hilo hilo humaanisha kuamka na kutembea hadi miguu iume, na wote wawili wamekuwa wakiahidiana mapumziko kwa miezi kadhaa bila kugundua kwamba hawajabadilishana kwa kiwango kinachojulikana.

Kwa sababu hiyo, mwanya wa ratiba unahitaji kanuni chache, na kanuni hizo hufaa kuandikwa kabla ya kuondoka. Kati ya siku ya kurudi na siku ya kurejea kazini iachwe siku moja, na siku hiyo ya akiba isiguswe kwa starehe. Usiku wa kwanza uwe na kitanda kinachojulikana, kwa maana uchovu wa siku ya kwanza ndio mama wa ugomvi. Usiku unaofuata waweza kutafutiwa gesti pale pale watakapofika. Kila mmoja awe na siku moja ambayo neno lake ndilo la mwisho, na siku hiyo mwenzake asiifanye kuwa deni. Tena kila mmoja awe na haki ya kusema leo hatuendi, bila kutakiwa kutoa sababu. Mabegi nayo yapimwe kwa kubebwa, wala si kwa kutazamwa, kwa sababu shanta isiyoweza kutembezwa kutoka stendi hadi gesti huifunga ratiba papo hapo: wenye mizigo mizito hawana uhuru wa kubadili mawazo, wanalo tu gari la kukodi.

Wanaoichagua njia ya Mbala mwezi Mei au Juni, mvua zikiwa zimekoma na mito ikiwa haijapungua sana, wanaweza kuitumia siku moja ya mwanya kufika maporomoko ya Kalambo, ambako kipande cha mwisho cha njia huhitaji gari la kukodi au pikipiki. Maji huporomoka hapo zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, karibu mara mbili ya kimo cha Mosi-oa-Tunya chenye mita 108, ingawa kwa upana na wingi wa maji hayafanani nayo hata kidogo. Mto huo ndio ule uliotajwa katika mkataba wa 1890, kwa hiyo anayesimama upande wa Zambia anatazama jabali lililo mbele yake na kuona mkoa wa Rukwa, yaani amesafiri hadi ng'ambo ili aitazame nchi yake kutoka mahali ambapo hakuwahi kusimama.

Juu ya maporomoko hayo, katika kingo za mto ambazo maji yamezilowanisha tangu kale, wanaakiolojia walichimbua magogo ambayo matokeo ya uchunguzi yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliyapa umri wa miaka isiyopungua 476,000, umri unaotangulia kuwapo kwa binadamu wa aina yetu. Gogo moja lililazwa juu ya jingine kwa kukingamana, na kilichoyafanya yakae bila kuteleza ni mkato uliochongwa kwa makusudi kwenye mti. Aliyeuchonga alipunguza mti ili muungano upate nguvu, na alijua apunguze wapi na kwa kiasi gani. Angechonga kidogo mno magogo yangeteleza, angechonga kupita kiasi gogo lingevunjika. Mke na mume waliokwisha kukaza hati, chanjo, siku na akiba yao, kisha wakaacha siku mbili au tatu bila jina, hawana haja ya kuelezwa zaidi nafasi hiyo iliyochongwa ilikuwa ya kazi gani.